Kithembe: Habari za Vyombo vya Mti Mbichi Katika Ukambani



Halmashauri imeniagiza niandike kurasa chache katika taarifa hii ya mwaka, juu ya historia ya vyombo vyetu vya mti, na hasa juu ya kithembe. Wengi wenu mwaijua sababu ya agizo hili. Kwa wale wasioijua, heri niiseme mimi mwenyewe kabla haijasemwa na wengine: kithembe cha chama kilipasuka mikononi mwangu.

Chombo hicho kililetwa hapa Mombasa na wazee walioanzisha chama chetu, na tangu siku hiyo kiliazimwa na kila mwanachama aliyekwenda kuposa au kumpelekea mkwewe asali. Kimesafiri kwa gari moshi na kwa basi mara nyingi kuliko baadhi yetu. Mwaka jana kilipowekwa chini ya ulinzi wangu nilikiona kina vumbi na harufu ya uchachu, nami kwa kutaka kuonyesha bidii nikakijaza maji ya moto na sabuni, nikakiacha kilowe usiku kucha. Asubuhi nikamwaga maji, nikakianika juani juu ya bati. Saa nane mchana nikasikia mlio kama wa fimbo ivunjwapo gotini. Nilipotoka nje nilikuta ufa umepanda kutoka chini hadi karibu na mdomo, nami ningeweza kuingiza ukucha ndani yake.

Katika mkutano mkuu palikuwa na maneno. Kijana mmoja alisema, kwa adabu lakini kwa nguvu, kwamba asali ni ile ile hata ikitiwa katika mtungi wa plastiki, na kwamba fedha za chama zina kazi nyingine, kama vile misiba na karo. Mzee mmoja alimjibu kuwa mkwe hapelekewi mtungi uliokuwa na mafuta ya kupikia. Mwishowe ilikubaliwa kwamba kithembe kingine kitafutwe, nami niende nyumbani kumtafuta fundi kwa nauli yangu mwenyewe, na tena niandike yote nitakayojifunza, ili mlinzi atakayenifuata asiseme hakuambiwa. Basi haya ndiyo niliyojifunza, pamoja na yale niliyokuwa nikiyajua.

Mtu aliyezaliwa mjini huenda akauliza kithembe ni nini. Ni kipande cha gogo la mviringo kilichokombwa ndani kikabaki ukuta tu, kama ngoma isiyo na sauti, nacho hutiwa kitako chini na kifuniko cha ngozi juu, na ukanda wa kukichukulia begani. Humo huwekwa asali. Vingine hufungwa ngozi pande zote mbili. Chetu kilikuwa na ubao chini na ngozi juu. Jirani zetu Wakikuyu wana chombo kama hicho, nao hukiita kihembe, na jina lao la mzinga wa nyuki ni moja na letu, yaani mwatu. Mwatu na kithembe ni ndugu wa tumbo moja. Yeyote awezaye kuchonga mwatu anaweza, akiwa na subira zaidi kidogo, kuchonga kithembe. Kwa maana vyote viwili ni gogo lililotolewa moyo wake.

Watu wa pwani tunaokaa nao wana jambo la kupendeza katika lugha yao. Neno mzinga kwao ni la nyuki, na tena ni la bunduki kubwa, kama ile iliyolazwa pale Ngome ya Yesu. Watoto hudhani ni maneno mawili yaliyokutana kwa bahati. Lakini tazama umbo: ni kitu kirefu cha mviringo, kitupu ndani. Watu wa pwani walipoiona silaha ya Mreno hawakuwa na haja ya kuazima jina, kwa sababu umbo hilo walikuwa wakiliona juu ya mibuyu yao. Vivyo hivyo mtumbwi na kinu ni vya ukoo huo huo wa vitu vikombwavyo katika gogo.

Sasa nieleze kwa nini ni lazima gogo liwe bichi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye ukweli wa habari yangu na ndipo lilipo kosa langu.

Mti ulio hai umejaa maji. Gogo lililokatwa leo huenda nusu ya uzito wake ni maji matupu, kama ajuavyo kila aliyebeba kuni mbichi kichwani. Mti wa namna hiyo ni laini; tezo hulia kidogo tu na vipande hutoka vizima, vyenye unyevu. Ukikauka hugeuka mkaidi, chuma hupoteza makali, na fundi hufanya siku tano kazi ya siku moja. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na kila mtu huiona. Sababu ya pili haionekani kwa macho. Maji yanapotoka, kwanza mti hupungua uzito tu bila kubadili umbo. Lakini yakisha kupungua kiasi fulani, mti wenyewe huanza kunywea. Nao haunywei sawasawa. Kwa urefu haunywei karibu hata kidogo. Kutoka moyoni kuelekea kwenye gome hunywea kidogo. Bali kuizunguka duara, kwa kufuata zile pete zionekanazo mti ukatwapo, hunywea karibu mara mbili ya hivyo.

Tafakarini maana yake. Gogo zima, likiwa na moyo wake ndani, linataka kupunguza mzingo wake zaidi kuliko upana wake unavyoruhusu. Ni kama mtu aliyevaa mshipi unaozidi kukaza huku tumbo halipungui kwa kiasi hicho. Lazima pawe na mahali pa kukatika, na hapo ndipo ufa hutokea, kutoka nje kuelekea moyoni, kama tuonavyo katika kila nguzo ya ua. Fundi wa mwatu anapoutoa moyo mapema, gogo likiwa bado bichi, huliondoa lile tumbo. Ukuta unaobaki unanywea utakavyo, duara inakuwa ndogo kidogo, wala hapana kitu cha kuizuia. Wazee wetu hawakuwa na vitabu vya habari hii. Lakini hapana mwatu hata mmoja uliochongwa kwa gogo lililokaa mwaka mzima likingoja.

Mti wa mizinga Ukambani, zaidi ya yote, ni mukau, ambao wataalamu huuita Melia volkensii. Huota katika nchi kavu ya Afrika ya Mashariki, wala hauogopi jua la Kitui, Kibwezi na Mwingi. Mbao zake hazipendwi na mchwa, na kwa mti wa nchi kavu ni rahisi kuchonga. Majani yake hupukutika wakati wa kiangazi, kisha huchipua kabla ya mvua, wakati mbuzi hawana kitu kingine kibichi cha kutazama. Ndiyo maana mfugaji hukata matawi yake na kuwapa. Maua yake hupendwa na nyuki, hata mtu aweza kusema mti huu huwalisha nyuki ukiwa hai na kuwapa nyumba ukiwa umekufa. Juu kwenye baridi, kwa Wakikuyu na Wameru, kazi hii hufanywa na muringa. Na Waogiek wa misitu ya Mau hutumia mtarakwa. Wao hulipasua gogo kwa urefu, wakakomba kila nusu mbali, kisha wakazifunga pamoja tena. Sisi hatupasui. Sisi hukomba kutoka kila upande mpaka mashimo yakutane katikati, na fundi mbaya hujulikana hapo, maana mashimo yake hupishana.

Fundi niliyempata ni mzee wa upande wa Ikutha. Hakupenda niandike jina lake, naye ana haki yake. Alinipokea vizuri, akasikiliza hadithi yangu yote ya maji ya moto na sabuni bila kucheka, kisha akaniuliza swali moja tu: "Na kitako kilikuwa cha mti au cha ngozi?" Nilipomwambia ni cha mti, akatikisa kichwa, akasema, "Basi hukukipasua wewe. Ni kitako kilichokipasua. Wewe ulikisaidia tu."

Akanieleza. Ukuta wa kithembe ukiwa bado mbichi, huchongwa mfuo mwembamba kuzunguka ndani, karibu na ncha ya chini. Ubao wa kitako huchongwa kwa mti uliokauka kabisa, uliokaa darini juu ya moshi miezi mingi, na ukingo wake hunolewa mpaka uingie katika mfuo ule. Huingizwa kwa kugongwa polepole. Siku hiyo unaweza kuutikisa na kuuzungusha kwa kidole, na maji yangevuja kama kwenye kikapu. Kisha chombo huwekwa kivulini. Ukuta unanywea siku kwa siku, kitako hakinywei kwa sababu maji yake yalikwisha zamani, na baada ya miezi michache ukuta umekibana kitako hata mtu hawezi kukitoa ila kwa kukivunja. Hapana msumari, hapana gundi. Hupakwa nta kidogo tu kwenye maungio.

Kifuniko cha ngozi hufuata njia ya kinyume. Hakivishwi mpaka mti umekwisha kukauka. Nayo ngozi huvishwa ikiwa mbichi, imelowa, imefungwa kwa kamba, ili inapokauka ikaze juu ya mti na kushika umbo la mdomo. Mzee alisema kwa maneno machache: kiingiacho ndani kiwe kikavu, kivaacho nje kiwe kibichi. Ukikosea mpango huo, ukatia kitako kibichi katika ukuta mkavu, vyote vitaachana kabla ya mvua ya pili.

Hapo nikaelewa kosa langu lote. Nilipokijaza maji usiku kucha, kitako kilikunywa maji hayo kikavimba. Nilipokiweka juani, ukuta ulikauka kwanza kwa kuwa ni mwembamba na uko nje, ukarudi kukaza, na kitako kilichovimba hakikutaka kurudi nyuma. Ukuta ukakosa pa kwenda. Ule mlio niliousikia ulikuwa wa kazi njema ya fundi wa miaka mingi ikikatika kwa sababu ya nusu kipande cha sabuni. Kithembe husafishwa kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu kidogo, hufutwa palepale, hukauka ndani ya nyumba, na kikinuka hufukizwa. Yaandikwe hayo katika kitabu cha mali za chama.

Niliruhusiwa kutazama kazi yenyewe siku mbili za kwanza. Mti ulichaguliwa katika shamba la fundi, mukau ambao umekwisha pita unene wa paja la mtu mzima, ulionyoka, usio na fundo kwa urefu wa hatua moja na nusu. Alisubiri kiangazi, majani yalipokwisha kuanguka. Wako wasemao mti ukatwe mwezi ukiwa gizani. Nilipomwuliza alijibu kwamba babu yake alifanya hivyo, na yeye hufanya siku ambayo kijana wake yuko nyumbani wa kushika upande wa pili wa msumeno. Gogo lilikatwa asubuhi, likaanza kukombwa asubuhi hiyo hiyo. Gome halikuondolewa kwanza, ili maji yasikimbie. Alitumia chuma kirefu chenye ncha pana, kilichotiwa mpini wa urefu wa mkono, akikipiga kwa rungu na kukizungusha ukutani. Vipande vilipolegea alilisimamisha gogo na kulitikisa. Ukuta aliupima kwa vidole, kidole gumba nje na cha kati ndani, akipitisha mkono pole pole. Mahali ukuta ulipokuwa mnene aliweka alama kwa makaa. Aliniambia mahali penye unene tofauti hukauka kwa mwendo tofauti, na tofauti hiyo ni mama wa ufa.

Jioni ncha zote mbili zilipakwa udongo uliochanganywa na samadi, kwa kuwa maji hutoka upesi kwenye ncha kuliko kwenye ubavu, na ncha ndizo zianzazo kupasuka. Chombo kilifunikwa kwa magunia, kikalazwa pembeni mwa ghala, mbali na upepo. Nilishangaa kuona mtu akifanya bidii yote hiyo ili kitu kisikauke upesi, wakati mimi nilikianika juu ya bati.

Sasa turudi nyuma kidogo katika historia. Wakamba wa karne ya 19 walikuwa wasafiri. Misafara yao ilishuka pwani na pembe za ndovu, ikapanda na vitambaa, shanga na shaba. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alikaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara aliyejulikana mpaka Mombasa, na ni kutoka huko Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, alikouona mlima Kenya. Msafara kama huo ulihitaji vyombo visivyovunjika. Chungu huvunjika, kibuyu hupasuka kikikanyagwa, lakini chombo cha mti chaweza kuanguka kutoka mgongoni mwa punda na kuokotwa. Asali ilikuwa chakula cha njiani, dawa, na zawadi ya kufungulia mlango wa mtu usiyemjua.

Nyumbani, asali ilikuwa na kazi kubwa zaidi. Ndiyo iliyotengeneza uki, pombe ya wazee, ikichachushwa kwa tunda la mvungunya. Na bila uki hapakuwa na baraza la hukumu, wala mapatano ya mahari, wala tambiko. Mzee aliye na mizinga mingi alikuwa na sauti barazani. Mizinga hiyo ilitundikwa mbali na nyumba, juu ya mibuyu na migunga, pengine mwendo wa siku nzima, hapana mlinzi. Kilichoilinda ni alama. Kila mwatu ulichorwa alama ya ukoo wa mwenyewe kwa chuma cha moto au kwa kisu, na kuiba asali katika mwatu wa mwingine lilikuwa kosa ambalo watu hawakulisahau upesi. Msweden Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani miaka ya 1911 na 1912 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1920, aliandika juu ya ufugaji nyuki na juu ya alama hizo za koo. Kithembe cha chama chetu nacho kina alama ubavuni, chini ya mahali pa ukanda. Nimeuliza wazee watano, nikapata majina ya koo tatu. Naliacha jambo hilo kwa wale wenye nguvu ya kugombana.

Ni nini basi kilichoondoa vithembe nyumbani mwetu? Watu husema "mambo ya kisasa", na neno hilo halielezi kitu. Mimi naona debe. Reli ilipita katika nchi yetu, ikafika Nairobi mwaka 1899, wakati watu wetu walikuwa wakifa kwa njaa ile kubwa iliyoitwa Ngomanisye. Nyuma ya reli zilikuja duka na taa, na nyuma ya taa mafuta yake, na mafuta yalikuja katika debe la bati. Mafuta yakiisha, debe linabaki. Ni jepesi, lina kipimo kinachojulikana na kila mnunuzi, na limelipiwa tayari. Mfanyabiashara wa asali na wa nta hakutaka kununua kwa kithembe, kwa kuwa hapana vithembe viwili vilivyo sawa. Alitaka kwa debe. Hivyo kithembe hakikushindwa kwa ubovu wake katika kutunza asali. Kilishindwa sokoni, kwa sababu ya kipimo. Baadaye ukaja mtungi wa plastiki, ukaliondoa debe nalo, wala sikumsikia mtu akililia.

Mizinga ilikuwa na maadui wengine. Mwezi wa Aprili mwaka 1948 Hifadhi ya Tsavo ilipotangazwa, watu wa Kibwezi na Kitui ya kusini waliokuwa wakitundika mizinga yao huko walijikuta nje ya mpaka, na mibuyu ya babu zao ndani yake. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa msaada wa Wakanada, ilileta mzinga mpya wa sanduku wenye vipande vya mti juu, ambao masega yake hutolewa moja moja bila kuwaua nyuki wala kuharibu viota. Ni mzinga mzuri, nami ninao miwili. Lakini hujengwa kwa mbao zilizopasuliwa na kukaushwa, na seremala yeyote aweza kuutengeneza; kijana aliyejifunza huo hana tena sababu ya kujifunza kukomba gogo.

Wako watakaoniambia kwamba Wakamba ndio wachongaji mashuhuri wa Kenya, iweje ufundi wa mti upotee kwetu? Ni kweli. Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka vita vya 1914 hadi 1918 huko Tanganyika akiwa amejifunza uchongaji wa sanamu, na kutoka kwake kazi hiyo ilienea mpaka ikafika hapa Changamwe, ambako jamaa zetu wengi wamesomesha watoto kwa twiga na vifaru. Lakini sanamu ni gogo lililobaki na moyo wake mara nyingi, au kipande kinene kisichokombwa. Wachongaji nao huchonga mti mbichi kwa sababu ile ile ya ulaini, kisha sanamu husafirishwa Ulaya, huwekwa katika nyumba yenye moto wakati wa baridi, na hupasuka mbele ya mwenye kuinunua. Mti uliopendwa zaidi, muhugu, ulikatwa mpaka ukawa adimu katika misitu ya pwani. Tangu miaka ya 1990 wachongaji wengi wameshauriwa kutumia mwembe, mwarobaini na mjakaranda, na mti huo laini hauna budi kukaushwa kwa uangalifu katika tanuri. Kwa hiyo wajukuu wa wale waliojua kungoja kivulini wamefundishwa upya kungoja. Sisemi hivyo kwa kuwadhihaki. Mimi ni wa mwisho mwenye haki ya kumdhihaki mtu kwa habari ya mti na maji.

Na mukau wenyewe? Ulikatwa sana kwa mbao na kwa makaa. Mbegu yake ni ngumu mno kuota, maana imefungwa ndani ya kokwa kama jiwe. Wazee waliokota kokwa zilizopita tumboni mwa mbuzi, au walichoma takataka juu yake wakangoja mvua. Leo Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, katika kituo chake cha Kitui, imejifunza kuipasua kokwa na kuikata ngozi ya mbegu ili iote, na kwa ushirikiano na Wajapani tangu mwaka 2012 imechagua miti bora na kupanda mashamba ya mbegu huko Tiva na Kibwezi. Wakulima wengi sasa hupanda mukau kama watu wa milimani wapandavyo mikaratusi. Lakini wanapanda kwa mbao. Niliuliza wakulima wanne kama mmoja wao angeacha mti mmoja kwa ajili ya mwatu. Wawili walicheka, mmoja akasema atamwuliza mkewe, wa nne ndiye yule fundi.

Fundi hana mwanafunzi. Kijana wake hushika msumeno, hashiki tezo. Nilipomwuliza kwa nini, mzee alisema kijana hajakataa, ila hapana mtu aliyeagiza kithembe tangu kijana huyo azaliwe, na mtu hafundishwi kazi kwa maneno. Neno hilo nililichukua moyoni njiani kote, kwa maana nilikuwa nimeona agizo letu kuwa gharama tu, jambo la kulipia kosa langu. Nikamwandikia mwenyekiti kutoka Mtito Andei nikamwomba ruhusa ya kuagiza viwili badala ya kimoja, cha pili nikilipe mimi, kwa sharti kwamba kichongwe na kijana, baba yake akitazama. Halmashauri ilikubali. Mweka hazina aliniomba nitaje hapa kwamba fedha za chama hazikuguswa kwa hicho cha pili.

Vyote viwili vimewasili. Cha mzee ni chembamba na chepesi, na ukikigonga kwa kidole husikika sauti moja kuzunguka pande zote. Cha kijana ni kizito, ukuta wake ni mnene upande mmoja, na karibu na mdomo kuna alama ya patasi iliyokwenda mbali mno. Kitako chake kilikuwa kikicheza bado kilipofika. Sasa hakichezi tena, ila ukiweka mwanga ndani utaona uzi wa nuru upande mmoja. Huenda ukafunga. Fundi ametuma neno kwamba visitiwe kitu chochote, hata maji ya kujaribia, mpaka mvua za vuli zipite, na kwamba ngozi za vifuniko atazileta mwenyewe zikiwa mbichi.

Kile cha zamani hakikutupwa. Fundi alisema ufa haupaswi kuzibwa kwa gundi, bali ufungwe kwa mikanda ya ngozi mbichi mahali pawili, nayo ingeukaza hata kiweze kutunza mahindi makavu au karatasi. Tumefanya hivyo. Kiko mezani pa mwandishi wa chama, na ndani yake mna stakabadhi za ada za mwaka huu. Vile vipya viwili viko chumba cha nyuma, upande usiopata jua, juu ya mchanga, vimefunikwa kwa magunia. Wanachama watakaopenda kuvitazama wamwone mwenye ufunguo siku ya Jumapili baada ya mkutano. Tafadhali msivisogeze karibu na dirisha.